Mbili ya Buswahili

Niseme mapema, usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta kitu ambacho sina. Sijapona. Wengi wanaoandika habari za ugonjwa wao huandika wakiwa wameshavuka, nguo zimekauka mwilini. Mimi bado niko majini, ila maji yameshuka kutoka shingoni. Kilichopita ni ubaya mmoja tu, nao ndio uliokuwa mkubwa kuliko wote. Kama juzi umepewa habari nzito, na leo umekaa kwenye benchi la zege ukingoja jina lako liitwe, nakuandikia wewe. Nilichonacho ni kidogo, na nilichelewa kukipata.

Ugonjwa ulianza na goti, msimu wa pamba. Nilikuwa nakaa Kabasa, pale Bunda mjini, kwa dada yangu Nyangeta, anayeuza vitenge sokoni. Mchana nilikaa kwenye kiduka changu cha kuchapa barua na kutoa kopi, jioni niliandika riwaya yangu kwenye kompyuta ileile, malori ya pamba yakipita nje na kuacha manyoya meupe kwenye miiba ya uzio. Chini ya goti la kushoto, mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, palikuwa na kijivimbe kigumu. Nilidhani ni mpira wa Jumapili. Nilipaka mafuta ya kondoo. Kijivimbe kilikua kama kinachokula nyumbani kwetu.

"Mdogo wangu, hilo goti lina ujauzito," dada alisema siku moja nikiwa nimevaa kaptula. "Linauma?"

"Kidogo."

Hilo "kidogo" lilikuwa jibu langu kwa kila kitu, na sikulibuni mimi. Kwetu ni Buswahili, wilaya ya Butiama. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, wavulana wenzangu wengi walipelekwa zahanati kutahiriwa, wakachomwa ganzi, wakarudi wakila soda. Baba alikataa. Alisema mtoto wake hatafichwa kisu. Alfajiri nilisimama kwenye nyasi zenye umande mbele ya ngariba, mikono pembeni, macho kwa baba, na baba alisimama hatua chache mbele yangu akiniangalia usoni. Sikupepesa. Ng'ombe alichinjwa kwa ajili ya jicho ambalo halikupepesa. Tangu siku ile, mtu akiniuliza kama naumia, jibu lilikuwa limeshasimama mlangoni kabla swali halijaingia.

Zilipoanza mvua za vuli, nilikuwa natembea nikiegemea kuta. Dada alifunga duka akanipeleka Musoma.

Chumba cha kusubiri cha hospitali ile kilikuwa na madirisha yanayotazama ziwa. Unaona mawe makubwa yaliyopangana kama mtu aliyaweka akasahau kuyarudia, na nyuma yake maji. Upepo ulileta harufu ya dagaa walioanikwa. Watu walikaa kwa kubanana, kila mmoja ameshika bahasha ya picha kifuani, na mlango ulipofunguka vichwa vyote viliinuka kwa pamoja, kisha vikashuka vyote isipokuwa kimoja. Nilijifunza pale kwamba kusubiri nako kunachosha misuli. Daktari wa mifupa aliangalia picha yangu kwa muda mrefu dhidi ya mwanga, akasema inabidi kichukuliwe kipande cha mfupa kipelekwe Mwanza kikaangaliwe.

Asubuhi ya kuchukuliwa kipande nilivalishwa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, nikaketishwa ukingoni mwa kitanda chembamba chini ya taa kubwa. Mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, akasimama nyuma yangu akipapasa uti wa mgongo wangu kwa kidole gumba, pingili moja moja. Mpaka siku ile nilidhani anayepasua ndiye anayelaza. Sikujua kuna daktari mzima, aliyesoma miaka, ambaye kazi yake ni usingizi na ganzi tu. Huyu aliitwa Daktari Ghati.

"Unaitwa nani?"

"Wambura."

"Wa wapi?"

"Bunda, daktari. Kabasa."

"Kabasa kuna watu wa kila mahali. Kwenu ni wapi?"

"Buswahili."

Kidole gumba kilisimama. "Aa. Haya. Kumbatia mto, mgongo uwe kama wa paka aliyekasirika. Nakuchoma sindano, miguu itakufa ganzi, utabaki macho. Ukisikia kitu chochote, sema. Sio unikalie kama nguzo."

"Sawa, daktari."

"Wanaume wa huko hawasemagi," alimwambia nesi aliyekuwa akifungua vifaa. Nesi akacheka. Na yeye alikuwa wa hukohuko.

Joto lilishuka miguuni kama uji uliomwagika. Walinilaza, wakasimamisha kitambaa mbele ya kifua nisione chini. Daktari Ghati alinigusa na pamba yenye spiriti begani, nione baridi inavyokuwa, kisha akashuka nayo tumboni, pajani, gotini.

"Hapa ni baridi?"

"Hapana."

"Hapa?"

Upande wa ndani wa goti nilisikia baridi, nyembamba, kama tone moja la maji ya ziwa. "Hapana," nilisema.

Sikumdanganya kwa kupenda kudanganya. Sikujua kuwa swali lile lilikuwa swali. Katika maisha yangu yote lilikuwa mtihani.

Daktari wa upasuaji akaanza. Juu ya dari palikuwa na ufa kwenye rangi, umepinda kama barabara ya Buhemba, nikaushika kwa macho. Yaliyokuwa yakitokea chini ya kitambaa sitayaeleza. Nitasema tu kwamba mikono yangu ilikaa pembeni, uso wangu ulitulia, na nilikuwa tena kwenye nyasi zenye umande. Lakini nyuma ya kichwa changu palikuwa na mashine inayolia kwa kila pigo la moyo, na mashine haikufundishwa kusimama. Ilianza kukimbia. Kiganja kikatua kwenye paji langu la uso, kikakuta jasho.

"Simamisha kwanza, daktari," Daktari Ghati alisema.

"Kuna nini? Mgonjwa ametulia kabisa."

"Hajatulia. Amesimama."

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa Iringa, hakuelewa. Nesi alielewa, akaangalia chini.

Uso wa Daktari Ghati ukaja juu ya wangu, umepinduka, kidevu juu. "Wambura. Moja mpaka kumi. Moja ni mbu, kumi ni mwisho wako. Ngapi?"

"Mbili."

"Mbili ya wapi? Maana mbili ya Buswahili ni nane ya Musoma." Hakungoja jibu. Tayari alikuwa anasukuma dawa kwenye mpira wa dripu. "Nakulaza kabisa. Kama utakasirika, kasirika ukiamka."

Niliamka vidole vyake vikiwa chini ya utaya wangu, vinauinua ili pumzi ipite. Vilinukia spiriti na vitunguu. Mchana alikuja wodini, amevua kofia ya kijani, akaketi kwenye kitanda changu bila kuomba.

"Unajua ulichotaka kunifanyia?"

"Samahani, daktari."

"Sitaki samahani. Sikiliza. Anayepasua anaangalia jeraha. Mimi naangalia mtu. Pumzi, moyo, damu, rangi ya kucha, vyote viko mikononi mwangu mpaka uamke. Lakini mashine inanipa nusu ya habari. Nusu nyingine unayo wewe mdomoni. Ukiifunga, nafanya kazi na jicho moja."

Kitanda cha jirani alilala Mafuru, mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba, aliyeangukiwa na udongo shimoni, mguu wake ukiwa umevutwa juu kwa kamba na mawe. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mimi huwaga naanza kulia getini," alisema daktari alipoondoka. "Nikifika kwa daktari nimebakiza kukohoa tu. Wananihudumia haraka."

"Na watu wakikucheka?"

"Wanacheka. Halafu wananipa sindano. Wewe unasifiwa, halafu unapewa nini?"

Mafuru aliruhusiwa kabla ya mimi kupata majibu yangu. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, akaondoka kwa magongo akiguna kwa sauti kila hatua, kwa makusudi, mpaka wodi nzima ikacheka.

Majibu yalirudi kutoka Mwanza mvua zikikaribia kukatika. Ilikuwa saratani ya mfupa. Dada aliposikia neno lile alifungua mkoba wake, akatafuta kitu, akaufunga. Hakuwa anatafuta kitu.

Kipindi kilichofuata nakipima kwa dripu za dawa ya saratani kule Mwanza. Tulikwenda, tulirudi, tulikwenda. Nywele zilibaki kwenye mto, kisha nyusi, kisha nikawa na uso wa yai. Kucha ziliota mistari, mstari mmoja kwa kila safari. Ulimi ulikuwa na ladha ya msumari, na sato wa dada, ambaye zamani ningempigania, alikuwa msumari uliochemshwa. Rafiki zangu wa kikundi cha uandishi walikuja Kabasa mara moja, wakanisomea hadithi zao, wakaepuka kuniangalia kichwani. Walikuwa wema. Hawakurudi. Siwalaumu, niliwahi kuwa mimi ninayeaga mapema kwenye nyumba ya mgonjwa.

Dripu zilizuia kidogo, kisha hazikuzuia. Masika yalipokolea, daktari wa mifupa alisema mguu lazima ukatwe juu ya goti.

Baba alikuja Musoma kwa ajili hiyo. Tangu mama afariki alikuwa haondoki nyumbani kwa sababu ya ng'ombe, lakini alikuja, amevaa koti la kanisani na kofia yake ya pama, akaketi pembeni ya kitanda kama aliyeitwa barazani. Aliwaambia wagonjwa wengine, bila kuulizwa, "Huyu hajawahi kulia." Wakaniangalia kwa heshima. Ilikuwa heshima nzito, nililala nayo kama jiwe tumboni.

Daktari Ghati alipita alasiri hiyo kunitayarisha. Alinifungua mdomo, akatikisa meno, akapindisha shingo yangu huku na huku, akauliza nilikula nini na lini, akasikiliza mapafu. Safari hii alisema nitalala moja kwa moja, na pia ataweka ganzi kwenye mishipa ya mguu ili nikiamka nisikutane na kitu kibaya mlangoni. Baba alikuwa ametoka kununua maji.

"Unaogopa nini?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli kwa sababu baba hakuwepo. "Naogopa kupiga kelele nikiwa usingizini. Watasikia."

Hakucheka. Nilitegemea acheke. "Watu huwa wanasema kidogo wakati wa kuamka," alisema. "Ukisema, nitakuwepo mimi. Chako kitabaki kwangu."

Niliingia asubuhi. Nakumbuka alinishika bega na kuniambia nifikirie mahali. Nilifikiria jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya baba, ambalo jua likizama hubaki na joto, na mbuzi hulipanda kulilalia. Kisha nikaamka, na vidole vilikuwa chini ya utaya wangu, na shuka upande wa kushoto lilikuwa limelala bapa, kama kitanda ambacho mtu ameondoka.

"Nilisema?" ndilo neno langu la kwanza.

"Ulisema."

"Nini?"

"Ulimwita mama yako. Mara nyingi."

"Baba alisikia?"

"Yuko kule kwenye benchi la nje, kofia magotini," alisema. "Pumzika."

Mguu ulioondoka uliendelea kuuma. Hili waambieni wenzenu, maana mimi hakuna aliyeniambia: utakatwa mguu na vidole vyake vitakuwasha, kisigino kitawaka moto, na utanyoosha mkono kukuna shuka. Daktari Ghati alikuja kila siku ya zamu yake, ingawa kazi yake kwangu ilikuwa imekwisha. Kumbe haikuwa imekwisha. Maumivu nayo yalikuwa kazi yake. "Ngapi?" angeuliza. Ningesema tatu. Angeangalia vidole vyangu vya mguu wa kulia, vilivyokunjwa kama makucha ya kuku, na kunipa dawa ya mtu aliyesema sita.

Niliporudi Kabasa nilijifunza magongo uani, dada akitembea nyuma yangu na kiti. Kiangazi kilikuja, pamba zikafunguka. Kikohozi nacho kilikuja. Mara ya kwanza nilisema ni vumbi.

Picha ya kifua ilionyesha vinundu, vingi, mapafu yote mawili. Daktari alizungumza kwa upole, akitumia "tutajitahidi" badala ya "tutafanya". Nilikuwa nimeandika sana, najua mtu anapobadilisha kitenzi. Dada aliuliza, "Sasa tunakwenda wapi?" Daktari alisema nyumbani.

Tukiwa kwenye varanda, hatujui tuanze kutembea upande gani, Daktari Ghati alitoka chumba cha upasuaji akiwa bado na kofia ya kijani. Alikuwa ameshaambiwa. Alinyoosha chupa yenye dawa ya maji.

"Hii ni mofini," alisema. "Utakunywa kwa saa, hata kama huumwi wakati huo. Yakija maumivu ya ghafla katikati, unaongeza kidogo, dada atapima kwa sindano hii isiyo na ncha. Mimi sina cha kukuponya nacho, Wambura. Sitakudanganya. Ninacho cha kukupunguzia, na nacho hakifanyi kazi bila mdomo wako." Kisha akamgeukia dada. "Nitapiga kila Jumatano. Naomba mpokee."

Tulihamia kwa baba, Buswahili, kwa sababu ndiko nitakakozikwa, na watu wetu hupenda kufupisha safari hiyo. Dada alifunga duka Bunda, akawa anakwenda mara moja moja kuuza alichobakiza. Baba alinipa chumba chake chenye dirisha la upande wa zizi.

Kila Jumatano simu iliita.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Ya Musoma au ya Buswahili?"

"Daktari..."

"Baba yuko hapo?"

"Yupo."

"Basi nipe Nyangeta."

Baba alikuwepo karibu kila wakati. Wageni walikuja kunipa pole, wazee wa ukoo, kina mama wa kanisani na maziwa ya mgando, wakaketi. Baba aliwaambia, "Hajambo. Anashinda. Hajalia." Chupa ya mofini aliiweka nyuma ya redio wageni walipofika, kama mtu anavyoficha chupa ya gongo padri akipita. Kijijini ilishasemwa kuwa dawa ile hupewa mtu anayekufa, na kwamba inalevya. Wageni walikaa muda mrefu. Saa ya dawa ilikuja, ikapita, baba akiniangalia na mimi nikimwangalia, mikono yangu pembeni, uso umetulia.

Dada hakuvumilia. Siku moja wageni walipoondoka aliichukua chupa nyuma ya redio na kuisimamisha katikati ya meza.

"Baba, unamficha nani?"

"Binti, usinipandishie sauti nyumbani kwangu."

"Sipandishi. Kule kwenye nyasi ilikuwa asubuhi moja, baba. Jua lilipanda ikaisha, mkala nyama. Hii haina kupanda kwa jua. Mnataka asimame mpaka lini?"

Baba alivaa kofia akaenda kwa ng'ombe. Dada akanigeukia mimi, na kwangu alikuwa mkali zaidi. "Na wewe. Mimi nimeacha biashara yangu ili nikae na mtu, sio na nguzo." Kisha akalia, akanipimia dawa huku analia, mkono wake haukutetemeka.

Nilimuahidi nitasema. Sikusema. Mtu hujifunza kusimama kwa asubuhi moja, na kukaa chini kunaweza kumshinda maisha yake yote.

Jumatano niliyotaka kuifikia katika habari hii, dada alikuwa amekwenda Bunda. Mvua za vuli zilikuwa zimerudi. Wazee wawili walikuja asubuhi wakakaa mpaka mchana, chupa ikiwa nyuma ya redio. Walipoondoka nilikuwa siwezi tena kutamka neno. Ubavu wa kulia ulikuwa umepasuka kama gogo, kila pumzi ilikuwa shoka. Nililala nikiangalia juu, nikatafuta ufa. Dari la baba ni mabati, halina ufa, lina matundu madogo ya misumari yenye mwanga ndani.

Simu iliita mezani. Baba aliiangalia. Ilikatika, ikaita tena. Akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, na kwa kuwa alizoea kuiweka sauti juu kabisa nilisikia yote.

"Shikamoo, mzee. Ni Ghati wa Musoma. Nyangeta yupo?"

"Marahaba. Amekwenda Bunda."

"Nipe Wambura."

Baba alinisogezea simu. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akairudisha sikioni kwake.

"Hawezi," alisema.

"Basi niambie wewe, mzee. Moja mpaka kumi, anaumwa ngapi?"

Nje ndama aliita. Baba alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu, akaniangalia usoni, na nikaujua mtazamo ule. Alisimama namna hiyohiyo mbele yangu kwenye nyasi. Nikautuliza uso wangu. Hata wakati ule niliutuliza. Mwili wenyewe ulifanya.

"Kumi," baba alisema.

"Una hakika, mzee? Analia?"

"Halii. Hata kope hazitikisiki. Ni kumi."

Daktari Ghati alimwelekeza. Baba alitoa chupa nyuma ya redio. Amechanja ng'ombe wake mwenyewe tangu ujana, hajawahi kumngoja bwana mifugo, na alivuta dawa ile ndani ya sindano akiiinua kwenye mwanga wa dirisha, akigonga pembeni kwa ukucha ili povu lipande, jicho moja amelifunga. Aliniingizia pembeni mwa shavu, polepole, kama anavyomnywesha ndama asiye na mama. Simu ilikuwa bado wazi juu ya blanketi, Daktari Ghati akisikiliza pumzi zangu kutoka Musoma, akiuliza kila baada ya muda, "Kifua kinapanda?" Na baba, kiganja chake kimelala kifuani mwangu, akijibu, "Kinapanda."

Shoka lilianza kupoteza makali. Daktari alisema atapiga tena jioni, akakata. Baba hakuondoa mkono.

"Ulijuaje?" nilimuuliza nilipoweza.

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, ikabidi aongee kwa nguvu kidogo. "Hata siku ile ya kisu nilijua."



"Na Musoma," alisema, "mlango ule ulikuwa haufungi vizuri. Nilikusikia unamwita mama yako."

Alinyanyuka, akachukua ndoo, akaenda kukamua kwenye mvua, ingawa haukuwa wakati wa kukamua.

Hayo ndiyo yaliyopita. Yaliyobaki hayajapita wala hayatapita. Nalala nimeketi, kwa sababu nikilala bapa nazama. Mkono ninaoandikia umebaki mifupa na sugu ya kalamu. Daktari Ghati alinieleza, nilipomuuliza, itakavyokuwa mwishoni, na akasema dawa itakuwepo, na kwamba atamwelekeza baba. Hajaniahidi kingine. Kama umenifuata mpaka hapa ukiwa na bahasha yako kifuani, sikuahidi kingine na mimi. Mtafute yule anayekaa upande wa kichwa, daktari wa usingizi na ganzi, mpe namba ya kweli, na wa kwenu waipate pia, mapema kuliko mimi.

Baba huniuliza ngapi kila asubuhi kabla ya kwenda zizini. Ninamwambia. Jana nne, leo sita. Anapima, anagonga povu, ananipa. Chupa inakaa mezani, karibu na chumvi.

Leo wamekuja wageni tena. Nimewasikia uani wakimsalimia, wakimuuliza kijana anaendeleaje. Nilingoja neno lile la siku zote, nikaanza kuuweka uso wangu sawa kabla hawajaingia.

"Anaumwa," baba amesema. "Anaumwa sana. Ingieni mkae naye."